Paja la Kulia la Bibi

Mwaka jana Bibi yangu aliporomoka ngazini vidato saba, bakuli la uji mkononi. Uji ulifika chini kabla yake. Nilicheka kwanza, nikaita watu baadaye, Mungu anisamehe.

Hospitali walisema mfupa haukuvunjika, ila nyama za mapaja yote mawili zimechanika. Nyumbani akalazwa ukumbini chini, naye chumba chake kipo ghorofa ya pili, alichoingia akiwa bi harusi. Mjomba akaona amhamishie kwake Mtoni, nyumba isiyo na ngazi.

"Mtoni nikamtukane nani?" Bibi akamuuliza. "Minazi?"

Wakakubaliana: mwezi ukiandama kabla hajaweza kupanda mwenyewe, atahama.

Basi kila nikitoka skuli nikawa namchua kwa mafuta ya nazi. Paja la kushoto lilikuwa na adabu. Wiki ya tatu lilishapona. La kulia lilinuna tu. Nikayaita mapaja hayo wake wenza, nikamwambia Bibi huyu wa kulia anataka talaka.

Paja hilo lina kisa. Mimi nikiwa bado natambaa, lilitoka uvimbe, Bibi akapelekwa hospitali ya bara kupigwa miale ya kuchoma uvimbe mpaka ukaisha. "Walinianika kama dagaa," husema. Ngozi ya hapo ilibaki nyeusi, ngumu kama ya ngoma. Lakini uvimbe si uliondoka? Sote tukajua mguu mzima, mvivu tu. Nami mvivu namjua, maana naishi naye ndani ya sare yangu. Nikaukamua kwa nguvu zote.

"Amka we!"

Bibi akauma kanga. Asubuhi paja limevimba kama fenesi.

"Nani kaukamua mguu huu?" daktari aliuliza tulipomrudisha hospitali. Nikatazama dari.

"Miale ile iliua uvimbe," akasema, "lakini haikuchagua. Nyama ina vijimbegu vyake vya kujishona ikichanika. Hapa vimebaki vichache, kwa hivyo panajaa kovu badala ya nyama. Nguvu zitarudi kidogo kidogo, wala si zote. Mwacheni ajizoeze taratibu. Na msimkamue."

Nje nililia. Mimi, ninayemfanya mwalimu wa dini acheke!

"Unalia nini?" Bibi akanipiga kikofi cha kisogo. "Isingekuwa miale hiyo, hata hiyo sura yako mbaya nisingewahi kuiona ikikua. Nshike mkono, twende."

Mwezi ukaandama. Mjomba akaja na gari ya kukodi, godoro la Bibi akalifunga juu yake.

"Shikamoo mama. Tayari?"

"Marahaba. Ngoja."

Bibi akakipa kidato cha kwanza mgongo, akakaa juu yake. Akasukuma kwa mikono na mguu wa kushoto, akakaa kwenye cha pili. Wa kulia ukamfuata nyumanyuma kama mgeni asiyealikwa. Nikataka kumsaidia.

"Usinguse! Makalio hayakupigwa miale."

Nikamtangulia kupanda vivyo hivyo, kinyumenyume, tukitazamana na Mjomba aliyekuwa ameduwaa mlangoni. Ilichukua muda wa kupika wali ukaiva. Alipofika juu jasho linamtiririka.

"Mama, huko siko kupanda!"

"Ulisema nipande mwenyewe," Bibi akamjibu huku akihema. "Hukusema nitangulize nini."

 Mjomba akatoka kwenda kulishusha godoro.