Msikilizaji Wangu wa Kawempe

Mimi ni mshairi wa Kiswahili mjini Kampala, na mtu akitaka kujichosha bure sijui kama atapata kazi nzuri kuliko hii. Mchana nauza mabeseni kwa jumla Kikuubo, dukani kwa Mkenya mwenzangu. Mistari naitunga nikiwa nimebeba mzigo, midomo inachezacheza, na wateja wananiona mgonjwa. Kwa wengi hapa Kiswahili ni lugha ya kambi na kituo cha polisi. Ukimwambia mtu umemtungia shairi kwa lugha hiyo, anakuangalia kwanza kama umekuja na pingu.

Nilikuwa na msikilizaji mmoja tu. Alikuwa mama mwenye nyumba wangu wa Kawempe, polisi mstaafu kutoka kaskazini, na nilimwita Afande. Utotoni mwake, aliniambia, Kiswahili kilikuwa maana yake wanajeshi: kikisikika njiani, watoto walikimbilia kwenye mtama. Alikuja kujifunza lugha hiyo ukubwani, kwenye mafunzo ya polisi, akaipenda kwa ukaidi tu.

"Hii lugha ilinikimbiza," alisema, "sasa mimi nakimbiza yeye."

Kila Jumapili jioni nilisimama mlangoni kwake nikamghania shairi, naye akipeta karanga. Habari za vina hazikumhusu. Shairi likimchosha, ungo ulisimama na yeye akapiga miayo waziwazi. Nilikuwa nakasirika, halafu narudi chumbani kulifumua lote. Lakini mstari mmoja aliudai kila wiki: *Mlango wangu u wazi, ingia bila ya hodi.*

"Hiyo ni ya mimi," alisema. Nilimwahidi kwamba kitabu kikitoka utakuwa mstari wa kwanza, na yeye atakuwa mtu wa kwanza kusomewa.

Wachapishaji wa Kampala waliniambia Kiswahili hakina wanunuzi. Wa Nairobi wakaniambia ushairi hauna wanunuzi. Basi nikaenda mwenyewe kwa fundi wa uchapaji mjini. Fundi yule, kwa wema wake, aliona kila mstari una pengo katikati, pale ukwapi unapoachana na utao, akadhani kompyuta yangu ni mbovu. Akayaziba mapengo yote. Kisha akaiunganisha mistari yenyewe, ukurasa ukajaa vizuri kama gazeti.

"Ssebo, nimekuokolea karatasi mingi!" akaniambia, anasubiri nimshukuru.

Nilitaka kulia, na nikamshukuru. Tukaanza upya, ubeti kwa ubeti, umeme ukikatika, kadi za harusi na mabango ya wagombea yakinipita kwenye foleni. Ungefanya nini? Harusi haingoji, na shairi limezoea kungoja.

Kitabu kikiwa bado huko, Afande alipata kiharusi. Aliporudi kutoka hospitali aliweza kuongea, ila Kiacholi peke yake, lugha ya utotoni kwao. Kiganda kilikuwa kimeondoka, na Kiingereza, na Kiswahili. Binti yake, aliyehama Nakawa kuja kumtunza, alisema daktari hakuahidi kitu: huenda zikarudi, huenda zisirudi. Mimi nilishika ile huenda ya kwanza kwa mikono miwili. Nilikuwa sina kingine cha kushika.

Jumapili baada ya kitabu kutoka, nilisimama mlangoni pale pale. Kilikuwa bado kinanuka wino. Binti alimkalisha mama yake vizuri na kumwekea ungo wa karanga mapajani, na vidole vyake vikaanza kuzipapasa vyenyewe. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaghani kwa sauti yangu yote mstari wake.

Vidole vilisimama. Nilifurahi, mjinga mimi. Nilidhani ameukumbuka, nikaurudia kwa nguvu zaidi.

Akaukumbatia ungo kifuani, karanga zikamwagika. Alimwambia binti yake kitu kwa sauti ya chini sana, bila kuniondolea macho.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anko, wacha tu."

"Niambie."

Binti aliinama akaanza kuokota karanga. "Anauliza huyu mwanajeshi anataka nini. Anasema mimi niambie wewe, baba hayuko. Hapa iko watoto tu."

Nilirudi nyuma polepole mpaka uani, mikono nimeinua juu, aone kwamba sikushika kitu isipokuwa kitabu.