Wanafunzi Wanaobisha

Profesa wa sheria ya mikataba hulamba kidole kabla ya kufunua kila ukurasa, na akifika kwenye hoja anayoipenda huvua miwani akaipunga hewani kama anayefukuza nzi. Kwenye kongamano la walimu wa sheria alikuja na andiko moja tu, alilolihangaikia mwaka mzima, kuhusu namna anavyowazoesha wanafunzi wake kubisha. Mfano wake ulikuwa kesi ya mwenye ghala, ambayo ameifundisha tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Miwani ikavuliwa. Hapo mhadhiri mmoja, mwanafunzi wake wa zamani, akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu wangu. Hukumu hiyo Mahakama ya Rufani ilishaitengua. Miaka kumi na moja sasa."

Profesa akatabasamu, akijipa moyo. "Uligundua lini, binti yangu?"

"Tulijua tangu darasani kwako. Darasa zima."

"Na kwenye mtihani?"

"Tulikuandikia unavyotaka, mwalimu. Tufaulu, tutoke."

Mtu wa nyuma akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Na waliowafuata?"

"Tuliwaachia madaftari yetu."

Mwenyekiti akamnong'oneza kwamba zimebaki dakika nne. Profesa akalamba kidole, akafunua, akakuta ukurasa wa shukrani, umejaa majina ya wanafunzi waliomfunza kwa ubishi wao. Hakuwa na kingine cha kusoma. Akayasoma yote, moja moja, bila kuinua macho, na la yule binti lilikuwa la tatu.