Majani ya Tembo ya Kiliani

Mume wangu Kiliani si mvivu, nalisema hilo mapema kabla hamjamcheka. Huyu ni mtu wa kuamka alfajiri akaongee na mibuni yake. Kikundi cha parokia hapa Mapera kilipotupa ng'ombe mtamba mwenye mimba, sharti lilikuwa moja: tupande majani ya tembo ya kumtosha mpaka mvua zirudi, la sivyo ahamie kwa mwingine. Kiliani akaniambia, "Mama Nathanieli, hilo tu?"

Hilo tu! Sisi Wamatengo nyasi tunazikata, tunazilaza mteremkoni na kuzifukia kwenye ngoro, yale mashimo yetu, zioze zirutubishe mahindi. Leo tunaambiwa tuzipande. Nikauliza kama na hizi zinafukiwa nyasi chini. Kiliani akacheka mpaka akakaa. "Nyasi nizifukie nyasi?"

Akachukua mbolea ya chumvichumvi, kila shina kiganja, vilevile anavyofanyia kahawa. Mvua ikinyesha, kiganja kingine. Jirani yetu Hyasinti, aliyepanda naye akingoja zamu ya ng'ombe, alifukia magugu na samadi kidogo chini, basi. Majani yake yakawa mafupi; yetu yakanizidi kimo mimi na mzigo wangu kichwani. Jamani, nilivyoringa!

Mwezi wa tisa yetu yakaanza kunyauka. Kiliani akaongeza mbolea, ncha zikaungua. Yale mafupi ya Hyasinti bado kijani. Sikuelewa, na kule kutoelewa kukaniudhi.

Siku ya ukaguzi akaja mwenyekiti wa kikundi, mama Scolastika, pamoja na bwana shamba Edmund. Edmund akashika shina letu, akalivuta kwa mkono mmoja. Likang'oka lote! Mizizi haikufika hata urefu wa kidole. Akaenda kwa Hyasinti, akavuta kwa mikono miwili mpaka miguu ikateleza. Shina halikutikisika.

"Mmeyalisha juu juu," akasema. "Mizizi imeletewa chakula mlangoni, ishuke chini kutafuta nini? Na maji ya kiangazi yako huko chini."

"Lakini mimi sikuyanyima kitu," akasema Kiliani. Akayatazama mashina, akanitazama mimi. Mpaka leo swali linanizunguka kichwani: lililopewa zaidi ndilo lililoshindwa? Kivipi?

Mama Scolastika alisikitika, lakini sharti ni sharti. Ng'ombe wetu, zimebaki wiki tatu azae, akafungwa kamba akapelekwa kwa Hyasinti. Nililia bila aibu.

Asubuhi nikamkuta Kiliani anafunga mzigo wa majani yetu, yale yaliyosalia na ubichi kidogo.

"Baba Nathanieli, banda ni tupu. Unampelekea nani?"

"Kwani ng'ombe kuhama ndiko kushiba?" akanijibu, akajitwika mzigo, akashika njia ya kwa Hyasinti.