Mpira Uliogawa Laini Yetu

Mwaka jana mjukuu wangu alinialika nikamtazame akicheza mpira wa kikapu katika chuo kimoja pale Nakuru. Walishinda kwa pointi moja, na mpira wenyewe uliingia king'ora kikilia. Nilipokuwa nikishuka ngazi nikishikilia ukuta, nilikuta vijana wamefunga njia wakibishana. "Hiyo haikuwa basket, boss," mmoja alikuwa akisema. "King'ora ilikuwa imeshalia." Mwenzake akatoa simu, wakaitazama picha, wakairudisha nyuma, wakaitazama tena, na kila mmoja akabaki na neno lake vilevile. Waliponiona wakanipisha kwa adabu. "Pita, mathe." Nikapita, lakini nilipofika chini nilisimama nikacheka peke yangu. Maneno yale niliyasikia nikiwa msichana mdogo, wazazi wa vijana hao hawajazaliwa, na yalikaribia kutenganisha nyumba mbili zilizokuwa kama nyumba moja.

Kaa nikusimulie, kwa sababu wewe ni mtu wa kusikiliza.

Miaka ile ya hamsini tuliishi kwenye shamba la mzungu, juu ya Njoro, upande ambako ukungu wa asubuhi ulikuwa ukiingia mpaka mlangoni. Mama yangu alikuwa yaya mjini, akija kwetu mwisho wa mwezi, kwa hiyo aliyenilea ni nyanya. Nyanya alichuma pareto. Nilimfuata kwenye mistari ya maua meupe nikiwa na kikapu changu kidogo, vidole vimekufa ganzi kwa umande, na tulirudi jioni nguo zetu zikinuka lile vumbi kali linalomfanya mtu kupiga chafya hata usingizini. Viazi tulivizika kwenye majivu ya moto. Ukivipasua, mvuke ulikupanda usoni, na hapo ndipo ulipojua siku imekwisha.

Nyumba zetu za udongo zilipangwa mstari mmoja, ndiyo maana tuliziita laini. Watu wa laini walitoka kila upande wa nchi, kila nyumba na lugha yake, na Kiswahili chetu kilikuwa kile cha kusukumasukuma, ambacho hakuna aliyekicheka kwa sababu sote tulikuwa nacho hichohicho. Jirani yetu alikuwa mkamaji wa ng'ombe. Kati yake na sisi kulikuwa na ua wa mabua ya mahindi, na ua huo ulikuwa na tundu kubwa katikati, kwa ajili ya kupitisha vitu. Jioni jirani alipitisha kibuyu cha maziwa yaliyobaki baada ya krimu kutolewa. Nyanya alipitisha viazi, au kaa la moto kama la kwao limezimika. Jirani alimwita nyanya "mama," ingawa hawakuwa hata watu wa kabila moja.

Jambo lililowafunga zaidi ni vijana wao. Mjomba wangu, kitinda mimba wa nyanya, na mwana mkubwa wa jirani walichunga ndama pamoja, wakasoma pamoja shule ya misheni, kisha wote wawili wakapata nafasi ya kusomea ualimu. Mjomba alikwenda chuo kilicho karibu nasi, mwenzake akaenda chuo cha ng'ambo ya bonde. Ilikuwa fahari kubwa. Hata nyapara, msimamizi wetu wa kazi, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alipunguza sauti alipopita mbele ya nyumba zetu.

Katika chuo cha mjomba kulikuwa na mwalimu mgeni aliyeleta mchezo wa mpira wa kikapu. Mjomba alipotueleza mara ya kwanza, nyanya aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. "Watu wazima wanatupa mpira kwenye kikapu ambacho kimetoboka chini?" Mjomba akasema ndiyo. Nyanya akatikisa kichwa, akageuza viazi. Lakini ilipotangazwa kwamba vyuo vile viwili vitakutana, na kwamba vijana wetu watasimama uwanja mmoja, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda kwa karani kuomba ruhusa. Siku zile hukutoka shambani hivihivi. Karani alitupa ruhusa, tukapanda lori la pareto, laini karibu nzima, na nyanya na jirani wakakaa bega kwa bega wakila mahindi ya kuchemsha kutoka leso moja.

Uwanja ulikuwa wa udongo, umepigwapigwa mpaka ukang'aa, na mistari yake ilichorwa kwa majivu. Pete za chuma zilikuwa mikanda ya pipa. Mwamuzi alikuwa mwalimu kutoka shule nyingine, mtu mwembamba mwenye kaptura iliyopigwa pasi, na muda ukiisha mwanafunzi mmoja angegonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Sisi tulikaa kwenye nyasi. Mwanzoni hatukuelewa lolote, tulipiga kelele tu kila mpira uliporuka. Kufikia katikati, watu wa laini yetu walikuwa wanamfundisha mwamuzi kazi.

Mwishoni kabisa chuo cha mwana wa jirani kilikuwa mbele kwa pointi moja. Mjomba akapata mpira akiwa mbali, akaruka, akaurusha. Reli ikalia. Mpira ukagonga ukingo wa pete, ukazunguka, ukasimama pale juu kama unaofikiri, kisha ukaanguka ndani. Mwamuzi akainua vidole viwili. Tukawa tumeshinda.

Makelele yalipotulia kidogo, mwamuzi aliita watu akaeleza sheria: kama mpira umetoka mkononi kabla ya kengele, unahesabika, hata ukiingia baadaye. Naye aliona umetoka. Nadhani alitaka kutuliza watu. Badala yake alitupa kuni za kutosha msimu mzima.

Ubishi ulianzia ndani ya lori. "Mpira ilikuwa bado mkononi," jirani alisema. Nyanya akasema, "Ilikuwa imetoka." Jirani akaona sheria yenyewe haina akili. "Kengele ya kazi ikilia shambani, mtu anaweka jembe chini. Haambiwi amalize mstari." Nyanya akamjibu, "Na kama nimekwisha kutupa mbegu ndipo kengele ikalia, mbegu itarudi mfukoni?" Lori zima likacheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichomuumiza jirani.

Jioni ile hakuna kibuyu kilichopita kwenye tundu.

Wiki zilipita hivyo. Laini iligawanyika. Penye bomba la maji akina mama walibishana mpaka madebe yakafurika. Kwenye pareto watu walioshikilia kwamba mpira ulikuwa mkononi walichuma mstari wao, na walioshikilia kwamba ulikuwa hewani wakachuma wao. Hata Jumapili, baada ya ibada, wazee wawili walisimama wakirusha kofia juu wakionyeshana. Kwa wengi ilikuwa raha. Kwa nyumba zetu mbili haikuwa raha tena. Jirani alisema nyanya amemwaibisha mbele ya watu. Nyanya alisema mtu asiyekubali kushindwa na mwanamke asibishane na mwanamke. Tukarudi kunywa chai ya rangi, na moto wao ulipozimika, niliona binti yao akipita mbele ya mlango wetu kwenda kuomba kaa nyumba ya mbali.

Jambo zito ni kwamba mke wa jirani alikuwa mjamzito, na siku zake zilikaribia. Nyanya ndiye aliyekuwa mkunga wa laini. Hospitali ilikuwa mjini, na gari la mzungu halikuwa la kuombwa ovyo. Watu wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini kama mwanamume yule atakuja kumwita, na kama akija, nyanya atakwenda. Mimi nilimwona nyanya akichemsha vitambaa vyake na kuvianika, akivitoa jua likizama na kuvirudisha asubuhi, na hakuna mtu mwingine kwenye laini aliyekuwa na mimba.

Siku ilipofika ilikuwa asubuhi, wanaume wako kazini. Tulikuwa tunapepeta mahindi niliposikia mabua ya ua yakivunjika. Mke wa jirani alikuwa anapita palepale penye tundu, ameshika nguzo kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Akasimama mbele ya nyanya akivuta pumzi.

"Mama," akasema, "mimi sikucheza ule mpira."

Nyanya akatupa ungo. "Na mimi nilikuwa nakungoja tangu jana," akamwambia, akamshika kiunoni, akamwingiza ndani.

Jirani aliporudi mchana alikuta ua umelala chini na mtoto wa kike analia ndani ya nyumba yetu. Alivua kofia, akakaa kwenye jiwe la mlangoni. Nyanya akamletea mtoto, akamwekea mapajani. Walikaa wote wawili wakimtazama mtoto. Kisha jirani akasema, taratibu sana, "Lakini mama, mpira ilikuwa mkononi." Nyanya akasema, "Kunywa uji wako." Jioni maziwa yalirudi, na ua ule haukusimamishwa tena.

Vijana walipokuja likizo walikuta laini bado inabishana, ingawa sasa kwa amani. Mwana wa jirani akashangaa. Alisema yeye na mjomba walikuwa wameshasahau, walipeana mikono siku ileile na kula chakula meza moja. Watu hawakutaka kusikia hayo. Ndipo mjomba, aliyekuwa amekuja na mpira wa chuo, akapata wazo. Alipigilia mkanda wa pipa kwenye ukuta wa ghala la posho, ule unga wetu wa mgao, akatundika kipande cha chuma, akampa jirani nyundo. "Baba," akamwambia, "leo wewe ndiwe mwamuzi. Mimi nitarusha. Gonga wakati unapotaka, halafu utuambie mpira ulikuwa wapi."

Laini yote ilitoka. Mara ya kwanza jirani aligonga, akasema, "Mkononi." Nusu ya watu wakasema hewani. Hata mwanawe akasema hewani. Jirani akakunja uso, akaomba irudiwe. Mjomba akaruka, mpira ukaondoka, ukapanda, ukashuka, ukaingia, ukadunda chini mara kadhaa. Hapakuwa na mlio wowote. Tulipogeuka, jirani alikuwa amesimama na nyundo juu, mdomo wazi, macho kwenye pete. Alikuwa ameutazama mpira mpaka akasahau kugonga.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Yeye mwenyewe alicheka mwisho, kidogo kidogo, kama mtu anayefungua mlango mzito. "Yule mwalimu alikuwa na kazi ngumu," akasema. Kisha akamgeukia nyanya. "Sasa wewe mama, nieleze kweli. Siku ile uliona nini?"

Nyanya alijifunga leso yake upya. Mimi nilijua jibu, kwa kuwa siku ya mchezo nilikuwa nimebanwa kwapani mwake. "Mimi sikuona kitu," akasema. "Nilikuwa nimefunika uso nikiomba Mungu."

Jirani akaangusha nyundo, akaegemea ukuta wa ghala, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Miezi yote hiyo," akawa anasema. "Miezi yote hiyo, mama."

Vijana wale walikuja kuwa walimu, mmoja Molo, mwingine Rongai, na mimi nikafuata njia yao. Shamba lilikuja kugawanywa. Laini ilibomolewa, na pale penye pareto leo kuna nyumba za mawe na mahindi ya watu nisiowajua. Sijawahi kuona aibu kwamba nilikulia pale. Katika shamba lile mambo yetu karibu yote yalikuwa yameshaamuliwa na watu wengine: wapi tutalala, tutakula posho kiasi gani, nani atoke na nani asitoke. Mpira ule peke yake ndio haukuwa na bwana. Kuhusu mpira ule kila mtu aliulizwa alichoona, na mchuma pareto aliweza kusimama mbele ya wanaume akasema sikubali, nao wakalazimika kumjibu. Mtoto akikua akisikia hivyo, akiwa mkubwa hatishiki upesi. Nimefundisha maisha yangu yote nikiwa na sauti ya nyanya kooni, na ninamshukuru, naye jirani ninamshukuru vilevile, kwa sababu bila mtu wa kumpinga nisingeisikia.

Wote wamelala sasa. Mjomba alikuwa wa mwisho kuondoka, na tangu tumzike hapajabaki mtu niliyekaa naye kwenye nyasi zile. Jioni nikinywa chai yangu hutamani aje mtu mmoja tu, akae hapo kwenye kiti, aniambie kwamba nimekosea, kwamba reli ilikuwa imeshalia.