Winchi Kwenye Mizani ya Magunia

Kitanda hakikuwa kimepandishwa. Winchi alikikagua kwa macho, akakipapasa kwa kiganja, akamtukana fundi aliyekitengeneza, na bado kitanda kilibaki palepale, sawasawa na kiti chake cha magurudumu. Kati ya kiti na kitanda palikuwa na ubao mwembamba uliolainishwa na makalio ya watu wengi kabla yake.

"Tena," alisema Kocha.

Kocha alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika kituo kile cha waliopooza, mwanamke mrefu mwenye raba nyeupe na sauti ya uwanjani. Jina hilo alipewa na wagonjwa wake, naye hakulikataa.

Winchi akakita ngumi moja kitandani, nyingine kwenye kiti, akajiinua. Mabega yalipanda, mishipa ya shingo ikatoka, makalio yakagoma. Aliteleza hadi katikati ya ubao, akakwama hapo akihema.

"Mwezi uliopita ulivuka," Kocha alisema. "Kimebadilika nini?"

"Kitanda chenu."

"Kitanda ni kilekile."

"Basi ubao. Basi wewe! Umesimama hapo unanikodolea macho, kwani mimi sinema?"

Mzee wa kitanda cha pili akajifanya anasoma dari. Kocha alimshika mkanda wa suruali, akamvuta kumrudisha kitini, na Winchi akasikia jinsi alivyoguna. Zamani Kocha hakuwa akiguna.

Sheria ya Kocha ilikuwa moja na hakuwa na mchezo nayo: anayejihamisha mwenyewe kutoka kiti hadi kitanda anakwenda kuishi anakotaka, asiyeweza anakaa na mtu wa kumbeba. Na Winchi alikuwa na anakotaka. Kilikuwa chumba kimoja katika ua wa nyuma ya ghala, ambako alikaa peke yake miaka yote ya kazi. Wenzake wa ghalani walishabomoa kizingiti na kumwaga saruji mahali pake, wakashusha kitasa, wakaondoa kabati lililokuwa likibana njia. Mwenye nyumba alikuwa amemhifadhia, lakini si kwa kudumu. Kuna kijana na mkewe walikuwa wakija kuchungulia dirishani na kupima mapazia kwa macho. Kilichobaki kati ya Winchi na mlango wake ni ubao ule, urefu wa mkono wa mtu mzima.

Kabla ya ajali alikuwa mchukuzi wa magunia. Jina la Winchi alilipata siku winchi ya kupandishia mizigo ilipogoma, na yeye akaifanya kazi yake kutwa nzima, akipanda ubao wa mteremko hadi kileleni mwa lundo huku akiimba matusi ya kuchekesha. Baadaye ubao huohuo ndio uliovunjika. Ghala zima lilijua una ufa. Nyapara alikuwa amesema utabadilishwa, na nyapara alikuwa mtu wa kusema. Winchi alianguka chali, gunia likamfuata, uti wa mgongo ukaumia chini ya mbavu. Tangu hapo, kutoka kiunoni kwenda chini, mwili ulikuwa wake kwa kuutazama tu.

Kule hospitali kuu nyama zilimkimbia. Mapaja yaliyokuwa yakijaza suruali yalipungua hata yakawa yanapotea ndani ya shuka, na juu ya makalio, alipolalia mifupa, likafunguka donda ambalo muuguzi aliliosha huku akigeuza uso. Daktari wa zamu alipita na kundi lake. Hakumtazama Winchi, aliyekuwa amelala pale na masikio yake yote mawili. Alimwambia dada yake:

"Huyu alishwe. Mayai, nyama, maziwa, chochote atakachomeza. Akiendelea kukonda, donda hili halifungi."

Akaenda kitanda kingine. Hakurudi tena kwenye neno lile.

Dada alikuwa mkubwa wake, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alikuwa mpishi wa kantini ya shule ya bweni, mtu wa mwiko mrefu kama kasia, na hakujua kupika sufuria ndogo. Neno la daktari alilichukua kama kiapo. Alimlisha hospitalini kwa kijiko, akamlisha kwa vitisho, akamlisha kwa machozi, na kweli donda likafunga. Winchi akahamia nyumbani kwake, sebuleni, akawa anakwenda kituoni asubuhi na kurudi jioni. Donda lilikwisha. Sahani hazikubadilika.

Kuna miji ambako ukimwambia mtu amenenepa, anakununia mwaka mzima. Mtaani kwa dada ilikuwa salamu ya heri. Majirani waliingia na mikate, maziwa, vifurushi vya sukari, wakamshika mashavu.

"Sasa umekuwa mtu!"

"Ile siku ya hospitali, nilisema huyu tunamzika."

"Kweli dada yako ana mkono. Hebu muone, anang'aa!"

Winchi aliwashukuru huku akitazama chini, kwenye mapaja yake mawili membamba yaliyolala juu ya kiti. Wao waliona mashavu. Yeye aliona miguu. Na kwa kuwa miguu haikurudi, alijiambia bado hajashiba vya kutosha. Akaongeza. Alikula wali akilielekeza kila tonge miguuni, akangoja paja lijae, na kila alipolipapasa lilikuwa lilelile.

Ndiyo maana Kocha alipomuuliza siku ile alipokwama kwenye ubao, "Siku hizi una kilo ngapi?" alijibu bila kufikiri:

"Sina kilo mimi. Nimekwisha. Huoni miguu?"

"Miguu naiona. Kilo sizioni."

Mizani ya kituo ilikuwa ya watu wanaosimama. Ile ya kupimia mtu na kiti chake ilikuwa mbovu siku nyingi. Ilikuwa imefunikwa kitambaa pale pembeni, na juu ya kitambaa mtu alikuwa ameweka chungu cha maua. Winchi alicheka kicheko kisicho na furaha.

"Kituo cha watu wasiosimama kina mizani ya kusimama! Mna akili nyie? Acha. Mizani mimi ninaijua ilipo."

Kesho yake Mfupi, mchukuzi mwenzake wa zamani, alimsukuma hadi ghalani. Mizani ilikuwa mlangoni, bamba pana la chuma usawa wa sakafu, limeng'arishwa na magunia. Winchi alikuwa hajakanyaga hapo tangu aanguke. Harufu ya vumbi la nafaka ilimpanda puani na hasira nayo ikapanda. Pale ukutani ubao wa mteremko ulikuwa mpya, wa mninga, umepigwa rangi.

"Huu wameuleta lini?" aliuliza.

Mfupi akakohoa. "Wiki ileile uliyoanguka, bwana."

Wachukuzi walimzunguka, wakampiga mabega, wakamwita chifu. Mmoja akaweka chaki nyuma ya sikio kama karani.

"Leteni mzigo! Unatoka wapi huu?"

"Kwa dada yake! Umefungashwa vizuri, hauna tundu hata moja!"

"Tutaupandisha na nini sasa? Winchi yenyewe ndiyo hii!"

Winchi akacheka nao. Utani huo ulikuwa wake. Yeye ndiye aliyewafundisha. Walikipima kwanza kiti kitupu, huku yeye amekalishwa juu ya gunia, kisha wakamrudisha kitini na kumsukuma juu ya bamba. Mshale ukaruka, ukatetemeka, ukatulia. Mfupi akatoa uzito wa kiti kwa vidole, akarudia, kisha akaigonga mizani kwa kidole.

"Sema," Winchi alisema.

"Labda mizani imechoka."

"Mizani hiyo inapima mali ya watu kila siku. Sema!"

"Tisini na saba."

Enzi zake, siku walipokuwa wakipimana kwa mchezo baada ya kazi, Winchi alikuwa na themanini na mbili, na hizo zilikuwa za mtu mwenye mapaja. Sasa mapaja yalikuwa yameondoka na bado mzigo umezidi. Alishika tumbo lake kwa mikono miwili, kwa mara ya kwanza akalishika kama kitu cha kubebwa, na akaelewa ni nini alichokuwa akijaribu kukivusha juu ya ule ubao.

"Mbona hamkuniambia?"

"Kukwambia nini, kaka? Sisi tulijua unapona."

"Mnanitazama navimba, mnanipigia makofi!" Sauti yake ilirudi kutoka kwenye bati. "Mlijua na ubao ule una ufa. Hata hapo mlikaa kimya. Kazi yenu nyie ni kukaa kimya na kucheka!"

Aliyekuwa na chaki sikioni akaitoa, akaificha mfukoni. La ubao lilikuwa kweli. Mfupi alimsukuma kurudi kwa dada, na njia nzima Winchi alikuwa anasaga meno.

Dada alikuwa ameshaandaa. Mlima wa wali, mayai mawili juu yake, mchuzi wenye mafuta yanayometa, kikombe cha maziwa yaliyokolezwa sukari.

"Ondoa," Winchi alisema.

"Nini tena? Chumvi?"

"Nimesema ondoa! Unanilisha ili nini, Dada? Ili nisiondoke hapa? Ili uwe na mtoto wa kumfunga kitambaa shingoni mpaka uzeeke? Nimetoka kwenye mizani. Najua unachokifanya."

Dada aliweka mwiko chini taratibu, na hilo lilikuwa la kuogopwa kuliko kama angeurusha.

"Rudia."

"Umesikia."

"Mimi," alisema dada, "ninaamka alfajiri nakupikia wewe, halafu nakwenda kuwapikia watoto wa watu, halafu narudi nakupikia wewe. Mgongo wangu unauma kukuinua. Wewe unafikiri napenda? Unafikiri nina raha gani kukubeba chooni, mwanamume mzima? Daktari alisema ulishwe. Nikakulisha. Ulikuwa unaoza, we mtu! Nilikuwa naona mfupa!"

"Alisema lini?"

"Lile donda lilipokuwa wazi."

"Donda limefunga lini?"

Dada alivuta kiti, akakaa.

"Sasa nani aliniambia niache?" aliuliza, na safari hii sauti yake haikuwa ya kugomba. "Nani? Nitajie mtu mmoja."

Winchi alitafuta. Alimtafuta daktari, wauguzi, aliyemruhusu kutoka hospitalini, majirani, yeye mwenyewe. Hakupata mtu. Hasira yake ilikuwa bado imejaa, lakini sasa ilikuwa imesimama katikati ya sebule bila kujua imwendee nani. Ikapata njia asubuhi yake, kwa sababu dada aliomba ruhusa kazini, akavaa viatu vya kutokea, na akaingia kituoni akisukuma kiti kama anayebomoa mlango.

"Nani mkubwa hapa?"

"Karibu, mama," Kocha alisema.

"Usinikaribishe. Mmenifanya nimharibu ndugu yangu kwa mikono yangu. Neno la kulisha mlilijua. La kutosha hamlijui?"

"Na mimi nilikuwepo," Winchi akadakia. "Daktari alizungumza juu ya kichwa changu. Kwani masikio nayo yalivunjika?"

Kocha aliwaacha wamalize. Kisha akavuta kigoda, akakaa chini kuliko wao.

"Mna haki," alisema. "Aliyesema kule hospitali hakusema hadi lini. Na mimi nilikuona unajaa, nikaguna, nikakuuliza kuhusu kitanda badala ya kuuliza sahani. Hilo ni langu."

Winchi alikuwa amejiandaa kwa ubishi; akaegemea kitini.

"Miguu haitarudi kwa wali," Kocha aliendelea. "Misuli ile ndiyo iliyokuwa ikila chakula chako. Ni kama ghala lililobaki na wachukuzi wachache, na magunia yanaingia yaleyale. Yanarundikana. Lakini ole wenu mkimfungisha njaa: akikonda kwa pupa, donda litarudi. Mayai yabaki, maharage yabaki, mboga iongezwe. Sukari na mafuta na ule mlima, hapana."

"Mlima gani?" dada aliuliza kwa ukali.

"Mama, mimi nimekula kwenye kantini yenu."

Wiki zilizofuata zilikuwa za kelele. Dada alipika kidogo na kununa sana. Majirani walileta maziwa ya sukari, wakarudishwa nayo mlangoni, wakasema mgonjwa ameingiwa na kiburi. "Unaanza kupotea tena," walimwambia, nyuso zimejaa huruma, naye aliwajibu, "Asanteni, nilikuwa nangoja mseme." Alijiinua kwenye mikono ya kiti hadi viganja vikafanya sugu kama za zamani. Alikosa usingizi kwa njaa, akamtukana Kocha, akamtukana nyapara asiyekuwepo, akaurudia ubao. Kila Jumamosi Mfupi alimpitia wakaenda kwenye mizani, na pale hakuna aliyetia utani mpaka yeye autie kwanza. Mshale ulishuka kwa ubahili.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, sebuleni, hakuna mgeni. Dada aliingia na sahani. Mkono wake ulikuwa umejisahau, wali umepanda tena. Alimkuta mdogo wake ameshaweka ubao kati ya kiti na kitanda.

"Subiri nikushike."

"Usinishike."

"Utaanguka."

"Nitaanguka. Simama hapohapo."

Dada akasimama hapohapo. Hakuwa na pa kuweka mikono wala sahani, na kwa kuwa alikuwa amefura, akachukua kijiko na kuanza kula yeye. Alikula kwa hasira, tonge juu ya tonge, macho hayamtoki. Winchi akakita ngumi. Mabega yakapanda. Makalio yakanyanyuka kidogo, yakatua, yakanyanyuka. Katikati ya ubao alikwama, palepale, na dada akaacha kutafuna.

"Tafuna," Winchi alisema kwa meno. "Unanitia kiwewe."

Akatafuna. Winchi akajiinua mara nyingine, akajitupa, na godoro likampokea upande, kichwa kikagonga ukuta. Akabaki pale anahema, anautazama ukuta kwa chuki.

"Haya nenda," dada alisema, mdomo umejaa. "Nenda kwenye hicho kijumba chako ukafe njaa."

"Jumapili utakuja?"

"Nije kufanya nini? Kukutazama unavyokula majani?"

"Njoo na sufuria ndogo."

"Sina sufuria ndogo."

"Nunua."

Dada alikwangua sahani hadi ikalia, akageuka, na mlango wa jikoni ukabamizwa. Baadaye kidogo Winchi akamsikia akipangua rafu, sufuria zikigongana, akitafuta iliyo ndogo kuliko zote na kuilaani kila moja aliyoishika.