Mtumwa ni Mtu Anayetumwa

Binti wa madam, mwajiri wangu, wa miaka kumi na miwili, alipewa kazi ya shule: aoneshe darasa jinsi watu walivyolazwa ndani ya meli za watumwa zilizovuka Atlantiki. Kiingereza kilimpiga chenga, akanitoa jikoni nimsomee kitabu na kumweleza. Nikasoma. Wanaume walilazwa ubavu kwa ubavu juu ya mbao, wamefungwa minyororo wawili wawili, dari iko chini mno hata mtu hawezi kuketi. Ndoo ya haja ilikuwa mbali, na aliyefungwa hakuifikia. Aliyegoma kula alipanuliwa kinywa kwa chuma. Nikasoma mpaka mwisho.

Kisha mtoto akabandika selotepu kwenye zulia, mistari miwili, akaniomba nilale katikati apime. Mabega yangu yakagusa pande zote mbili. Nilichukia jinsi nilivyotoshea. Sitaki kudanganya: mimi nilikuja Riyadh kwa ndege, na mkataba niliutia sahihi mwenyewe. Haifanani hata kidogo.

Akaniuliza watu hao tunawaitaje kwa lugha yetu. Nikamwambia watumwa. Kumtuma mtu ni kumwagiza aende. Mtumwa ni yule anayetumwa. Akaandika daftarini, ulimi nje.

Hapo madam akaingia, simu mkononi, akanikuta chini. Alisema dada yake wa Jeddah amejifungua na anahitaji mtu wa kazi, nami naondoka kesho na dereva. Yalla, upesi, nikafunge nguo.

Ikama yangu, ile kadi ya ukaazi, ilikuwa kabatini kwake. Mwenzangu mmoja wa mtaa huu huu wa Suwaidi alipelekwa kwa "dada" eti kwa wiki mbili, bila kadi. Mwaka umekwisha, na simu yake haipatikani. Nikauliza habari ya ikama. Madam akasema itabaki hapa, kwani naazimwa tu. Naazimwa, kama sufuria! Hasira zangu ziko karibu tangu utotoni, na siku hiyo zilifika mpaka kooni.

Mtoto akainua daftari, akamsomea mama yake kwa Kiarabu. Lakini lile neno, mtumwa, alilitamka kwa Kiswahili, kisha akalifafanua kama nilivyomfundisha.

Madam akatazama selotepu, akanitazama mimi. Nikaketi. Mimi dari yangu ilikuwa juu, niliweza kuketi.

"Unataka kwenda?" akauliza.

Miaka miwili nyumbani kwake, hakuwahi kuniuliza ninataka nini. Kiarabu changu ni cha jikoni, nikatumia nilichonacho.

"Mafi Jeddah, madam." Hakuna Jeddah.

Akatoka, akaubamiza mlango. Siku tatu hakunisemesha ila kuniagiza. Jeddah sikwenda, na kadi sikupewa. Selotepu niliibandua mwenyewe kwa kucha, maana zulia ni kazi yangu.