Trekta Ilipozimwa Iyolwa

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka naweka mkono kifuani na kushusha pumzi. Waingereza walikuwa bado wanatutawala, nami nilikuwa msichana, nimetoka Dabani kuja kukaa na kaka yangu Wandera. Alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la ng'ombe la Mzungu mmoja huko Iyolwa, upande wa Tororo. Ungemwona juu ya trekta ile! Hata salamu aliitikia kwa kidevu.

Majani ya malisho yalikuwa yamerefuka kunipita kimo, na mawingu yameanza kujikusanya. Mzungu alitaka yakatwe, yakauke na kuingizwa ghalani kabla ya mvua. Bandani palikuwa na mashine mbili za kufunga kwenye trekta. Moja ilikuwa na upau mrefu unaotokea ubavuni, wenye visu vidogo vinavyokwenda na kurudi kama mkasi. Hiyo ilikata taratibu na kuyalaza majani vizuri. Nyingine ilikuwa na mapanga mazito yanayozunguka chini ya bati, ikifyeka chochote inachokikuta na kurusha mawe. Wandera alichagua ya mapanga, kwa kuwa ilikuwa na mwendo.

Nilipompelekea uji, trekta ilikuwa tayari inanguruma. Mzee Okoth, Mjopadhola aliyekuwa msimamizi wa wafanyakazi, akaja kusimama mbele ya magurudumu.

"Wandera, umeingia ndani ya majani haya?"

"Mzee, mvua inakuja. Majani ni majani tu."

"Zima! Unachagua panga na hujui unakwenda kukata nini? Shuka, tembea mpaka kule kijitoni, halafu ndiyo uniambie unafunga mashine gani."

Wandera alishuka amenuna. Nami nikamfuata nyuma, kikombe mkononi, nikimwona mzee yule msumbufu kweli. Tukapita vichuguu vilivyojificha, vigumu kama saruji. Karibu na kijito tukajikwaa kwenye mawe. Mbele kidogo nikaona nguo ya bluu.

Niliijua. Ilikuwa leso ya mama yetu.

Mama alikuwa ametutembelea, akaondoka jana yake alasiri kwenda kwa dada yake, ng'ambo ya shamba. Tulidhani amefika na amelala huko, kwa hiyo hakuna aliyemtafuta. Kumbe alikata njia katikati ya malisho, homa ikamwangusha. Alikuwa amelala ubavu, mwili unawaka, midomo imekauka.

"Mama!" nikapiga kelele.

Akafumbua macho. "Nabwire," akasema polepole, "nimeisikia trekta. Nikataka kuita, sauti ikakataa."

Wandera alipiga magoti akalia kwa sauti, mwanamume mzima. Kisha akambeba mgongoni, mimi nimeshika miguu, Mzee Okoth anatutangulia akifungua njia, mpaka zahanati. Jioni mama aliomba chai, tena akalalamika kwamba haina sukari. Sisi tukacheka mpaka muuguzi akatufukuza. Mama huyo, mwanangu, aliishi akawabeba watoto wangu wote.

Wandera aliporudi kazini aliitembea kwanza sehemu iliyobaki ya malisho. Uwanda wa juu, uliokuwa safi, aliukata kwa ile mashine ya visu. Kwenye vichaka, mbali na njia ya watu, ndipo alipofunga mapanga. Penye mawe hakuingiza trekta kabisa. Palikatwa kwa mkono. Mvua iliwahi, majani mengine yakaoza, na Mzungu akafoka. Wandera alimsikiliza akitabasamu.

Sasa na wewe umepewa trekta, na malisho makubwa yanakungoja. Kabla hujauliza mashine ipi ina kasi, ingia majanini kwa miguu yako. Tazama kuna mawe gani, vichuguu gani, njia ya nani inapita hapo. Ukishaijua ardhi, ndipo uchague chuma cha kuikata. Na mtu akisimama mbele ya magurudumu yako, zima kwanza, msikilize. Hasira utaendelea nayo baadaye ukitaka.

Nenda, mwanangu. Mungu akufumbue macho kabla hujagusa ufunguo, ailinde mikono yako na kila apitaye mbele yako, na akurudishe kwetu jioni ukiwa na njaa tu, bila huzuni.